Ulingo Hauingii Mlangoni

Kabla ya kuona kitu, tulisikia. Ukungu wa Tana ulikuwa umelala juu ya mpunga, mzito, hata mkono wako mwenyewe ukawa wa kukisia tu, na kutoka ndani ya weupe ule ikaja sauti ya vibuyu: kokoro, kokoro, kisha kimya, kisha kokoro nyingine mbali zaidi, upande wa matete. Ndipo tulipojua kwamba mama mkubwa ameshapanda ulingoni na anazijaribu kamba zake moja moja, kama mtu anayeamsha watoto kwa kuwagusa vidole vya miguu. Nilikuwa nimemshika mkono mdogo wangu wa kike. Tulikwenda kwa kufuata sauti, nyayo zikipapasa njia juu ya tuta, umande ukitulowesha hadi kiunoni, mpaka nguzo za ulingo zikajitokeza, kisha miguu yake ikining'inia, kisha yeye mzima na kitambaa chake kichwani.

"Ninyi mnakuja na jua," alisema, "na ndege walikuja na nyota. Pandeni."

Hivyo ndivyo nilivyoanza shule. Nasema shule kwa makusudi, ingawa najua kwamba siku hizi neno hilo lina kuta. Sasa nakaa mjini, pwani, kati ya watu wa kusoma na kuandika, na wenzangu hao wakishakunywa kahawa hupenda kubishana juu ya mafundisho ya watoto wadogo. Waanze na herufi au na hesabu? Wakae juu ya mkeka au juu ya ubao? Wachapwe au waonywe? Sijamsikia hata mmoja akiuliza kama wakae ndani au nje. Wanadhani jambo hilo liliamuliwa zamani, na watu wenye akili. Mimi nililiona likiamuliwa. Liliamuliwa katika kijiji chetu, chini kidogo ya Garsen, na watu wa damu yangu, na aliyelipa alikuwa mama mkubwa.

Yeye alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Aliolewa Ndera, juu ya mto, akakaa huko misimu mingi bila kushika mimba, na mwaka mmoja mto ulipojaa mumewe akampakia kwenye mtumbwi pamoja na mkeka wake na vyungu vyake, akamrudisha kwao kama mtu anayerudisha jembe aliloazima. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Asiye na mtoto huitwa kwa kuonyeshwa kidole. Ukoo ukampa kazi mbili ambazo hakuna mwenye nguvu aliyezitaka, kuamia mpunga, yaani kuwafukuza ndege wasiule, na kuchunga watoto ambao bado hawajaweza kushika jembe, naye akazifanya kazi moja. Baada ya mavuno machache watu walianza kumwita Mama wa Ulingo. Kila nyumba iliyompa mtoto ilimpelekea fungu la kwanza la mchele mpya, na wanawake walipokusanyika kutwanga walisogea, wakamwachia nafasi kwenye kinu. Nafasi ile kwenye kinu ndiyo yote aliyokuwa nayo duniani. Nataka hilo lieleweke mapema.

Ulingo wenyewe ulikuwa jukwaa la fito juu ya nguzo nne, katikati ya mashamba ya nyumba zetu zote, pale maji ya mto yalipokuwa yamekaa na kuondoka. Kutoka juu yake zilitoka kamba za miyaa, ndefu, zikipita juu ya mpunga kila upande hadi kwenye miti midogo iliyochomekwa matopeni, na kila mti ulikuwa na vibuyu vyenye mbegu kavu ndani. Kila mtoto alipewa kamba yake. Kamba yako ilikuwa shamba lako, hata kama shamba lenyewe si la baba yako. Na makusudi hakumpa mtoto yeyote kamba ya shamba la kwao.

"Usivute kabla hawajatua," alitufundisha. "Ukivuta mapema wanahamia kwa mwenzako. Wala usivute wakishashiba. Hapo utakuwa umewapigia ngoma ya harusi."

Basi ulikaa, ukatazama. Mtoto ambaye nyumbani hawezi kutulia muda wa kumenya ndizi moja alikaa pale na kamba kiganjani, macho yake yakiwa mbele kuliko mwili wake, akisubiri lile wingu dogo la ndege lipinde, lisite, lianze kushuka. Hakuna aliyemwambia sikiliza. Hakuna aliyemwambia kaa kimya. Alikuwa na jambo la kukaa kimya kwa ajili yake.

Asubuhi, kabla ya ndege kuchangamka, tulifinyanga vidonge vya udongo wa kurusha kwa fimbo. Vilipangwa kumi kumi juu ya fito ili vikauke. Mwenye vingi alimpa mwenye vichache, kwa sababu ndege hawakujali kidonge ni cha nani, na mdogo kabisa alipewa na kila mtu kimoja kimoja. Tulijua kugawa kabla hatujajua kwamba kugawa ni hesabu. Watoto wawili wakigombana, mama mkubwa hakuuliza nani alianza. Aliwapa kamba moja, waishike wote wawili mpaka jua lipinde. Niliwahi kushikishwa kamba na binamu yangu mmoja niliyemng'ata sikio. Tuliivuta siku nzima bila kusemezana, na jioni tulikuwa tunavuta kwa pumzi moja.

Mchana ndege walipojificha kivulini alitupeleka ukingoni mwa mto. Alituonyesha pa kukanyaga na pasipo pa kukanyaga, na kwa nini matete yakitikisika bila upepo hatuendi hata kama kiatu cha mfalme kimeangukia hapo. Alichota maji kiganjani, akatupitishia puani.

"Maji haya yametoka wapi?"

"Ndera," mmoja akasema. "Kwa mumeo."

Wengine walishtuka, lakini yeye alicheka mpaka maji yakamwagika. "Basi nusa vizuri," akamwambia, "uniambie kama bado amenuna."

Tukanusa. Maji mekundu yenye harufu ya majani yaliyooza yalikuwa yametoka mbali sana, kwenye milima ambayo hakuna kati yetu aliyeiona, na yalimaanisha mto utapanda hata kama kwetu mbingu ni kavu kama ngozi ya ngoma. Tulilijua hilo kwa pua. Hatukuwa na jino moja la utu uzima kinywani, na tulijua kwamba mvua ya watu wengine inaweza kuzamisha nyumba yako.

Mdogo wangu hakuwa akisema. Hakuwa kiziwi, alisikia mpaka mchwa, lakini maneno hayakutoka. Mama alikuwa ameshamzungusha kwa waganga, amefungwa hirizi shingoni, amelambishwa asali ya nyuki wadogo, na watu walikuwa wameanza kumwita bubu mbele yake. Mama mkubwa hakumwambia sema. Alimpa kamba ya upande wa matete, ile ngumu kuliko zote, ambako ndege walishukia kwanza. Siku nyingi alivuta bila kukosea na bila sauti. Kisha asubuhi moja kamba ilinasa kwenye shina la tete. Akavuta, vibuyu havikulia, na kundi likashuka kama mchanga uliomwagwa. Akasimama juu ya fito, mdogo hivi, akapiga ukelele ambao sijui ulikuwa umekaa wapi tumboni mwake, na nyuma ya ukelele yakaja maneno.

"Si wenu. Mpunga si wenu."

Sisi sote tuligeuka. Mama mkubwa peke yake hakugeuka. Aliendelea kurusha vidonge upande mwingine kana kwamba mtoto huyo amekuwa akisema tangu kuzaliwa. Jioni alipomkabidhi kwa mama alisema tu, "Mwanao leo kagombana na ndege."

"Kagombana vipi?" mama akauliza.

"Muulize mwenyewe."

Mama alichuchumaa, akauliza, na akajibiwa. Alikaa chini palepale njiani, kwenye matope, na mtungi wake wa maji kichwani.

Mama huyohuyo. Nitarudi kwake.

Wamisheni walikuwa wameshaingia mtoni tangu sijazaliwa, na mmoja wao, Mzungu mrefu mwenye homa zisizokwisha, alikuja kukaa kwetu. Mjomba wangu, kaka wa mama na mdogo wa mama mkubwa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kubatizwa, na akapewa kengele ya kuwaita watu. Alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo kwa shida, lakini ni kweli. Alisema kwa upole, aliwagawia wajane samaki, na alikuwa na kidonda kimoja tu, nacho alikipata Kipini.

Alikuwa amepeleka mpunga kuuza. Mnunuzi mmoja, amekaa barazani kwake na kikombe mkononi, akamuuliza huko juu nani anaamia ndege. Mjomba akajibu, bila kufikiri, watoto wetu. Mtu yule akawageukia wenzake, akacheka. Alisema, "Kumbe wamejizalia watumwa wao wenyewe." Kwa maana huko pwani, na kwenye mashamba ya Witu, waliokaa juani siku nzima wakipigia ndege kelele walikuwa watoto wa watumwa. Mtoto wa mwungwana alikaa ndani, juu ya jamvi, mbele ya mwalimu.

Mjomba alirudi na jambo hilo mtumbwini kama mtu aliyebeba nyoka kwenye kapu. Kila aliyelifungua kumtazama aliumwa. Kila mzazi kijijini alimwangalia mtoto wake akirudi jioni na matope magotini, ngozi imepigwa na jua, sauti imekauka, na badala ya kumwona mtoto aliona kicheko cha barazani. Hawakuwa wajinga. Wengi wao walikuwa na ndugu waliotekwa na kuuzwa, ambao hawakuonekana tena. Tulikuwa tumejificha kwenye matete mara nyingi mno. Ukiwaambia watu wa namna hiyo kwamba kuna alama ya utumwa juu ya mwili wa mtoto wao, hawatakuuliza ushahidi. Watatafuta maji ya kuiosha.

Wakajenga nyumba. Nyumba zetu zilikuwa za nyasi, mviringo, na mahali pa kuingilia paliangushwa jamvi tu. Hii ilikuwa ya udongo, ya pembe nne, na mlango wake wa mbao uliletwa kutoka Kipini umelazwa peke yake mtumbwini kama maiti ya mkubwa. Madirisha yalikuwa madogo na yaliwekwa juu, pasipofikiwa na jicho la mtoto. Hayo hayakutakwa na Mzungu. Mjomba ndiye aliyeyataka, ili watoto wasitazame nje.

Mwanzoni waliingizwa wakubwa tu, nami nikiwemo. Mzungu aliona jambo. Nilikuwa nimekaa mbele yake nikichora herufi kwenye mchanga wa sinia, nikamsikia akimwambia mjomba, kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Hawa wanaotoka kwa dada yako wanajua kungoja. Sijui anawafanyaje."

"Anawafukuzisha ndege, Bwana."

"Basi wadogo waacheni wafukuze ndege kwanza. Wakibadili meno, nitawapokea."

Mjomba akauliza kwa adabu kubwa, "Bwana, huko kwenu, watoto wenu wanafukuza ndege?"

Mzungu alitazama mikono yake. "Wa kwetu, hapana," akasema.

"Basi."

Mara nyingi nimelifikiria jibu lile. Angeweza kusema kwamba labda ingefaa wafukuze. Lakini alikuwa mtu mkweli, na amechoka, na ana homa.

Wazazi wakaamua kwamba wote waingie ndani, hata wanaonyonya vidole. Mjomba akaja nyumbani kwetu jioni hiyo, ambako mama mkubwa alikuwa akichambua mboga na mama. Mimi nilikuwa nikipeta.

"Dada," akasema, "nimekutafutia heshima."

"Ilikuwa imepotea?"

"Sikiliza bwana. Utakuwa mwalimu wa wadogo. Utakaa kivulini, utavaa nguo nyeupe."

"Na ndege?"

"Ndege wataamiwa na watu wazima, kwa zamu."

"Watu wazima gani? Wewe?"

"Mimi nina kengele."

"Haya, kapige kengele shambani, utasaidia." Mama alicheka, na mjomba naye akacheka, kisha akaacha. Akamwambia kwamba mpunga ukiiva atakuja mkubwa wa wamisheni kutoka pwani kuikagua shule. Akiridhika naye, atakaa. Asiporidhika, yuko mke wa mwalimu mmoja Kipini anayejua herufi, ataletwa.

"Nami nitakwenda wapi?" mama mkubwa aliuliza. "Ulingoni umenitoa, na chumba utanifungia. Nitakwenda wapi?"

"Hatutafika huko," mjomba akasema. "Unachowafundisha juu ya fito, wafundishe juu ya mkeka. Elimu iko kichwani mwako, dada. Haiko shambani."

Hilo ndilo kosa lenyewe, na lilikuwa kosa la upendo, ndiyo maana halikuweza kupingwa. Walidhani alichokuwa nacho kilikuwa kama maji mtungini, unakibeba popote, unakimimina. Hata yeye alidhani hivyo. Nakumbuka alitikisa kichwa polepole, akaendelea kuchambua mboga, na usiku ule aliifua nguo nyeupe ambayo ilikuwa haijavaliwa.

Ndani ya chumba kile nilimwona mtu akipotea kidogo kidogo. Upande mmoja tulikaa wakubwa na herufi zetu, upande wa pili yeye na wadogo. Siku za kwanza alileta udongo. Mjomba akaja na maji, akawanawisha watoto wote mikono mmoja mmoja, akimtania mama mkubwa kwamba ameleta mto mzima darasani. Hakuleta tena. Akafunga kamba kwenye boriti, akawapa watoto ncha. Walivuta. Vibuyu vililia juu ya vichwa vyao, wakafurahi, wakavuta tena, na tena, na tena, kila mmoja kwa nguvu kuliko mwenziwe, kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kungoja, hapakuwa na kitu kilichokuwa kikija. Ilibidi azikate. Watoto waliogombana aliwakalisha pamoja, wakafinyana chini ya nguo. Wengine walisinzia. Wengine walijikojolea, watoto ambao ulingoni walikuwa wakishuka ngazi wenyewe na kwenda matetini.

Asubuhi moja aliweka kibuyu cha maji katikati ya mkeka. Nilimwona akijikaza, akiitafuta sauti yake ya zamani.

"Maji haya," akauliza, "yametoka wapi?"

Wakatazama maji. Wakatazamana.

"Mtungini," mmoja akasema.

Hakukosea. Kibuyu kilikuwa kimechotwa mtungini, mlangoni. Mama mkubwa alimwambia vyema, ahsante, akakiondoa kibuyu mkekani.

Mdogo wangu aliacha kusema. Hakuna aliyeona kwa haraka, maana ndani ya chumba kile kunyamaza kulikuwa sifa. Mjomba alimtaja mbele ya watu kama mfano.

Siwezi kukikana chumba hicho. Kalamu hii niliipata humo. Lakini mimi niliingia nikiwa nimeshashiba nje. Herufi zilipokuja zilikuta mtu anayejua kutazama kitu kidogo kwa muda mrefu bila kuchoka, na nani alinifundisha hilo? Herufi M niliishika siku ileile, kwa sababu nilikuwa nimeshashika namna elfu za ndege kupinda. Wale wadogo walipewa kuta kabla ya kupewa dunia. Walifundishwa jina la mto na mtu aliyezuiwa kuwaonyesha mto. Nikiwaambia hayo wenzangu wa kahawa huniambia ninatamani ya kale. Sitamani ya kale. Kale yetu ilikuwa na mamba na wateka watu. Ninachosema ni kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa mwili mzima, kwa nyayo na pua na hofu ndogo na ushindi mdogo, na ukimkalisha, umemwachia kichwa peke yake, nacho bado hakijakomaa kubeba kazi ya wote.

Huko mashambani, watu wazima waliamia kwa zamu, na kila mmoja aliangalia kamba ya shamba lake. Walivuta mapema ili ndege wahamie kwa jirani. Jirani akavuta mapema zaidi. Ndege walizunguka siku nzima juu ya kijiji, wakishukia popote mtu aliposinzia, na watu wakarushiana maneno kutoka tuta hadi tuta. Msimu ule tulitwanga makapi.

Mkubwa wa wamisheni alifika kabla ya mavuno hayo, mpunga ukiwa umeinama. Mzungu wetu alikuwa amelala na homa, hakuweza kusimama, kwa hiyo mjomba ndiye aliyekaa kando ya mgeni kumtafsiria, kwa kuwa mgeni alijua Kiswahili cha pwani tu, lugha yetu ya nyumbani hakuijua. Na kutoka Kipini walikuwa wamekuja mwalimu na mkewe, waliovalia vizuri, wamekaa kama watu wanaongoja chakula kipakuliwe. Wazazi walijaa ukutani. Mama yangu alikaa karibu na mlango, ambao uliachwa wazi kwa ajili ya joto.

Sisi wakubwa tulisoma, tukasifiwa. Kisha mgeni akageukia mkeka wa wadogo na kumwashiria mama mkubwa aanze.

Alisimama. Nguo nyeupe ilikuwa imemkaa vizuri. Alimtazama mtoto huyu, akamtazama yule. Kwa jinsi nilivyomjua, najua alikuwa akitafuta kitu cha kuelekeza kidole, na pembe nne zile hazikuwa na kitu.

"Mwambie," akamwambia mjomba kwa sauti ya chini, "anipe ruhusa niwatoe nje. Ajionee. Hata hapo ukingoni tu."

"Dada, nje kuna jua."

"Jua halijamla mtoto wangu hata mmoja."

"Nyumba hii tumeijenga kwa mikono yetu," mjomba akasema, bado kwa upole, na minong'ono ya wazazi ukutani ikawa upande wake. "Leo mgeni amekuja, unataka tumpeleke akawaone watoto wetu wakipigia ndege kelele? Aende akasimulie pwani?"

Mgeni aliuliza wanasema nini. Mjomba akatafsiri kwamba mwalimu anaona haya kidogo.

Ndipo kundi likapita. Hatukuliona, madirisha yalikuwa juu mno, lakini tulilisikia, ule uvumi mpana kama nguo kubwa inayokung'utwa, likitoka matetini kwenda kwenye mpunga. Watoto waliokuwa wakisinzia wakainua vichwa wote kwa mara moja. Walisikiliza. Hakuna aliyepiga kelele mapema. Walingoja, macho yao yakifuata kwenye dari kitu wasichokiona, wakingoja lipinde, wakingoja lisite, na liliposita, walisimama wote, sawia, wadogo wale, wakapiga ukelele mmoja uliotikisa vumbi la boriti. Mdogo wangu alikuwa mbele yao, mkono umeinuliwa juu. Nilimsikia. "Si wenu," alisema. "Mpunga si wenu." Na nje, kundi likageuka.

Mama mkubwa alikuwa amesimama kati yao, na uso wake ulikuwa umerudi. Alimtazama mgeni, akingoja, kama mtu aliyekwisha kutoa jibu lake lote.

Mgeni alikuwa ameshtuka kidogo, lakini hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kujua. Akamwinamia mjomba, akauliza. Sisi wakubwa tulimtazama mjomba. Neno moja tu lilihitajika. Angesema wamesikia ndege, wamewafukuza, basi, mgeni yule angeelewa au asingeelewa, lakini lingekuwa limesemwa. Mjomba aliwatazama wazazi. Alimtazama mwalimu wa Kipini, ambaye alikuwa akitabasamu, tabasamu dogo, la barazani.

"Ni utovu wa adabu, Bwana," akasema. "Wadogo hawa hawajapata mwalimu."

Mgeni akaitikia kwa kichwa, akageukia upande wa mke wa mwalimu, naye akainuka, akatengeneza leso yake, akaenda kusimama mbele ya mkeka. Alipiga makofi mara moja. Watoto wakakaa.

Mjomba alimsogelea dada yake. "Toka kidogo ukapumzike, dada," akamwambia. "Umechoka."

"Sijachoka."

"Toka tu."

Mdogo wangu alikuwa bado amesimama. Mama mkubwa alimwekea kiganja kichwani, akamkalisha kwa upole, kisha akapita kati ya magoti ya watu. Wanawake waliokuwa wakimwachia nafasi kwenye kinu walivuta nguo zao ili apite. Hakumtazama mtu. Alitoka, akasimama nje juani hatua chache tu, mgongo wake mweupe, na ndege walikuwa wamesharudi, wengi kuliko mwanzo, kelele zao zikaingia mpaka mke wa mwalimu akalazimika kusema kwa sauti kubwa, na watoto wakaanza tena kuinua vichwa.

Mama yangu, aliyekuwa karibu, akainuka, akaufunga mlango.